Visanduku na nyuzi: historia ya kupanga muziki kwa kuchora, na nafasi yetu sisi watu wa pwani

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva mliyoyazoea hapa, tuzungumzie muziki. Lakini msikimbie! Ni muziki wa tarakilishi, na historia yake ina somo kwa kila mtu anayeandika programu, zaidi sisi tuliozaliwa karibu na bahari hii.

Swali lililonisukuma kuandika ni dogo. Jamaa yangu mmoja hupiga kinanda katika harusi hapa Mombasa. Ana sikio, na nyimbo za udi za marehemu Zein l'Abdin anazijua kwa moyo. Juzi akaniuliza, maana mimi ndiye "fundi wa kompyuta" wa ukoo mzima: mbona udi una noti ambazo kwenye kinanda changu sizipati? Nikibonyeza hiki inakuwa juu, nikibonyeza cha pili inakuwa chini, na yenyewe imekaa katikati pasipo na kitu. Je, mashine haiwezi, au kuna mtu aliamua iwe hivyo?

Jibu fupi ni kwamba kuna watu waliamua. Jibu refu ni makala hii. Inahusu aina ya programu ambazo huzipangi kwa kuandika mistari ya maneno, bali kwa kuchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi. Majina makubwa ni mawili: Max na Pure Data. Nitaeleza zilikotoka, nani alizitengeneza, zilinusurika vipi, na kwa nini naamini kijana wa Mombasa mwenye tarakilishi kuukuu ana sababu nzuri ya kuzijua.

ALA ZILIZOKUJA NA BAHARI

Tuanze nyumbani. Taarab yetu ni muziki wa bandari. Udi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi, si sheria!) zilitoka nchi za Kiarabu. Harmoniamu, ile inayovutwa upepo kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine, ilizaliwa Ulaya, ikahamia India, kisha ikatufikia sisi pamoja na nyimbo za Kihindi. Taishokoto, yenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, ilibuniwa Japani mwaka 1912, na anayezifahamu kanda za Zuhura Swaleh anaijua sauti yake. Hata kurekodi kwenyewe kulikwenda na bahari: Siti binti Saad alipanda meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake za kwanza.

Sasa tazama tofauti iliyopo kati ya ala hizi. Shingo ya udi haina vizuizi. Kidole kinakaa popote sikio linapotaka. Ndiyo maana udi unaweza kupiga maqam kama Rast na Bayati, ambazo zina sauti zinazokaa baina ya kibonyezo na kibonyezo cha kinanda. Harmoniamu haiwezi. Ina ulimi wa shaba kwa kila noti, noti kumi na mbili kwa kila oktava, na kilichokatwa kiwandani kimekatwa.

Watu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1940 redio ya India, All India Radio, iliipiga marufuku harmoniamu katika matangazo yake. Hoja kubwa ilikuwa kwamba haiwezi kuteleza kutoka noti hadi noti, wala kuzifikia zile sauti ndogondogo za muziki wa Kihindi. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1971 tu. Miaka thelathini na moja ya ugomvi, na hakuna tarakilishi hata moja iliyohusika!

Sisi Mombasa hatukupiga marufuku kitu. Tulikuwa na Juma Bhalo na mahadhi yake ya Kihindi, tukawa na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na udi wake. Aliyetaka hiki alipata, na aliyetaka kile alipata. Mambo yalibadilika pale ala moja ilipoanza kufanya kazi ya ala zote.

MASHINE ISIYOJUA NOTI

Watu wengi hudhani tarakilishi ndiyo iliyoleta zile noti kumi na mbili. Si kweli. Mwaka 1957, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu aliyoiita MUSIC, akaifanya mashine ya IBM 704 itoe wimbo wa sekunde 17. Mashine ile haikujua noti hata moja. Ilichojua ni namba. Sauti ndani ya tarakilishi ni mfululizo wa namba tu, maelfu kwa sekunde (kwenye CD ni 44,100), na ukitaka mtetemo wa mara 320 kwa sekunde au 320.2, kwake ni mamoja.

Wazo la pili la Mathews ndilo linalotuhusu zaidi. Kufikia MUSIC III ya mwaka 1960, badala ya mtunzi kuandika programu nzima upya kila mara, alipewa vitengo vidogo vilivyo tayari. Kimoja kinazalisha wimbi, kingine kinapandisha au kushusha sauti, kingine kinajumlisha. Kazi ya mtunzi ni kusema kipi kinaingia katika kipi. Mbegu ya visanduku na nyuzi ni hiyo.

Afrika nayo imo katika historia hii, tena mapema. Mwaka 1944, Halim El-Dabh wa Misri aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya, akarekodi ngoma ya zar jijini Cairo (ngoma ya kutoa pepo, ambayo watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana), kisha akaichezea sauti ile studioni mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer alifanya kazi za namna hiyo Ufaransa, na vitabu vingi vikaanzia kwake.

Katika miaka ya 1960 vile vitengo vya Mathews vikapata umbo la kushikika. Robert Moog na Don Buchla, kila mmoja kwa upande wake huko Marekani, walitengeneza sinthesaiza za makabati. Kila kabati lilikuwa na matundu, na wewe ukaunganisha tundu kwa tundu kwa nyaya. Mpangilio mmoja wa nyaya uliitwa pachi, na neno hilo limebaki hadi leo. Moog aliweka kibao cha piano mbele ya mashine yake, Buchla akakikwepa kwa makusudi kwa sababu hakutaka mtu afikirie kwa noti za piano. Soko lilimpenda Moog. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

MWAKA WA ZILE NAMBA 128

Mnamo Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki huko California, sinthesaiza ya kampuni ya Sequential Circuits iliunganishwa kwa waya na ya Roland, na zikaongea. Lugha waliyoongea inaitwa MIDI, na watu wawili wanaotajwa sana katika kuzaliwa kwake ni Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland.

Kama mtengenezaji programu, naiheshimu MIDI. Ni ndogo, ni rahisi, na zaidi ya miaka arobaini baadaye bado inafanya kazi. Programu gani uliyoandika wewe itadumu hivyo? Lakini tazama ndani yake. Noti ni namba kutoka 0 hadi 127. Namba 60 ni C ya katikati ya piano. 61 ni kibonyezo kinachofuata. Kati ya 60 na 61 hapana kitu. Hapo ndipo jibu la jamaa yangu lilipo. Noti yake iko kwenye 63 na nusu, na katika lugha ile namba 63 na nusu haiandikiki.

Tusiwaonee waliotunga. Njia za kuzunguka zipo. Kuna amri ya kukunja sauti, lakini inakunja chaneli nzima, kwa hiyo noti zote zinazolia humo zinakunjwa pamoja. Mwaka 1992 ikaongezwa kanuni rasmi ya kubadilisha upangaji wa sauti, ila ala chache sana ziliitekeleza. Korg na Yamaha wametoa vinanda maalumu kwa soko la Kiarabu, vyenye vibonyezo vya kuteremsha noti kwa robo toni. Vinafaa. Lakini angalia, kwa piano ni kawaida, kwa Rast ni nyongeza ya kununuliwa.

Basi taarab ya kisasa ilipopamba moto Tanzania na Kenya miaka ya 1990, kinanda kimoja kikichukua nafasi ya fidla, kanuni na akodiani kwa pamoja, gharama ya bendi ilishuka na sauti ikafika mbali. Bei yake nyingine ililipwa kimyakimya. Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba robo toni ziondoke. Ziliondoka kwa sababu sehemu ya kuziandikia haikuwepo.

PARIS, NA MTU ALIYETAKA VISANDUKU

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 ilifunguliwa taasisi ya IRCAM jijini Paris chini ya mtunzi Pierre Boulez, kwa kazi moja: kuwakutanisha wanamuziki na wanasayansi. Walikuwa na mashine yao iitwayo 4X, iliyotengenezwa na Giuseppe di Giugno. Ilikuwa na nguvu za kutisha kwa wakati wake, na ilikuwa ngumu kuiamuru. Mtunzi alimhitaji mhandisi pembeni kila wakati.

Katikati ya miaka ya 1980 alifika pale kijana Mmarekani, mwanahisabati, jina lake Miller Puckette. Alitaka mpiga ala awe jukwaani, tarakilishi imsikilize na kumjibu papo hapo, na mtunzi mwenyewe aweze kubadilisha mambo bila kumngoja mhandisi. Aliandika programu kwenye Macintosh ambamo unachora kisanduku, unakipa jina la kazi yake, unavuta uzi hadi kisanduku kingine. Aliita programu hiyo Max, kwa heshima ya Max Mathews. Philippe Manoury aliitumia katika Pluton, kazi yake ya piano na tarakilishi ya mwaka 1988.

Inafanyaje kazi? Mtu wa Shimanzi ataelewa haraka kuliko profesa. Ukipita huku kwetu unaona gati la mafuta, mabomba na matangi. Meli inafunga, mafuta yanaingia bombani, yanapita valvu hii, yanagawanyika pale, yanaishia tangi lile. Huhitaji kusoma kitabu kujua yanakwenda wapi, unafuata bomba kwa macho. Pachi ya Max ni hivyo hivyo: namba zinaingia juu ya kisanduku, kazi inafanyika ndani, jibu linatokea chini na kuteremka kwenye uzi.

Sisi tuliosomea sayansi ya tarakilishi tuna tabia ya kudharau kitu hiki. "Hiyo ni michoro ya watoto." Hapana jamani. Ndani yake kuna sheria kali. Kwa mfano, mlango wa kushoto wa kisanduku ndio unaoamsha kazi, na milango mingine inahifadhi tu thamani na kungoja. Uzi mmoja ukigawanyika mara mbili, mpangilio wa nani anatangulia una maana, na pachi ikikosea hapo utatafuta kosa usiku kucha. Ni uandishi wa programu kamili. Kilichobadilika ni kwamba mwanamuziki anaweza kuusoma.

KIFO CHA DUKA NA FAIDA YA PROGRAMU HURIA

Hapa ndipo historia inakuwa na mafunzo kwetu. Mwaka 1990 Max ilianza kuuzwa na kampuni ya Opcode ya California, baada ya David Zicarelli kuiendeleza. Mwaka 1998 Opcode ikanunuliwa na Gibson, watengenezaji wa magitaa. Mwaka uliofuata shughuli za Opcode zikasimama. Wateja walioweka maisha yao ya kazi katika programu za kampuni ile wakabaki wanatazamana.

Max ilipona kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwaka 1997 Zicarelli alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni yake, Cycling '74, na Max ikahamia huko, ikiwa sasa na sehemu ya MSP inayotengeneza sauti ndani ya tarakilishi yenyewe. Mwaka 2009 ikaingizwa ndani ya programu ya Ableton Live kwa jina Max for Live, na mwaka 2017 Ableton wakainunua Cycling '74.

Sababu ya pili ni Puckette mwenyewe. Mwaka 1994 alihamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 1996 akatoa programu mpya, Pure Data, ambayo wengi huiita Pd. Wazo ni lile lile la visanduku na nyuzi, lakini safari hii msimbo uko wazi, leseni ni ya BSD, yeyote achukue, abadilishe, auze akitaka. Na ile MSP ya Cycling '74 ilijengwa juu ya kazi ya Pd. Kwa maneno mengine, programu ya kulipia ilipata uhai mpya kutokana na programu huria.

Zile kazi zilizotungwa kwa ajili ya 4X je? Mashine ilipostaafu, ilibidi kazi zihamishwe kutoka mfumo hadi mfumo, la sivyo zisingeweza kupigwa tena. Puckette amekuwa akilisisitiza hili: muziki unaotegemea mashine ya mtu mmoja unakufa na mashine hiyo. Ukitaka kazi yako ipigwe baada ya miaka hamsini, iweke mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua. Fikiria kanda za taarab katika maduka ya Mji wa Kale, sumaku inavyofifia na mashine za kuzichezea zinavyokwisha, utaona Paris na Mombasa tuna ugonjwa mmoja.

Jumuiya ya Pd ilikua. Mkutano wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Graz, Austria, mwaka 2004. Ukafuata wa Montréal mwaka 2007, na São Paulo mwaka 2009. Utaona bahari zinazovukwa katika orodha hiyo. Bahari ya Hindi haimo.

KWETU JE?

Katika miaka ile sisi tulikuwa tunahangaika na setilaiti. Mwezi Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifikishwa Mombasa kutoka Fujairah, na Julai mwaka huo huo SEACOM ikaanza kazi. (Kutoka Fujairah! Njia ile ile ya majahazi.) Kabla ya hapo kupakua programu kubwa ilikuwa kazi ya usiku kucha, na programu zilisafiri kwa CD kutoka mkono hadi mkono.

Programu iliyosafiri zaidi haikuwa Max wala Pd. Ilikuwa FruityLoops, iliyotolewa Ubelgiji mwaka 1997 na baadaye ikaitwa FL Studio. Ukiifungua unakuta safu ya vijisanduku kumi na sita, vinne vinne. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimejifunza muziki humo, na matunda tumeyaona. Vijana wa Dar es Salaam, katika studio ndogo kama Sisso huko Mburahati, waliuchukua mpangilio ule wakauendesha kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ikawa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na Ulaya ikasimama kusikiliza. Walivunja mipaka ya programu kwa kuipigisha mbio kuliko ilivyofikiriwa.

Lakini vinne vinne bado ni uamuzi wa mtu. Chakacha yetu inakwenda kwa tatu tatu. Unaweza kuilazimisha ndani ya vijisanduku kumi na sita, kama vile unavyoweza kuvaa kiatu cha mwenzako. Na hata FL wenyewe waliona umuhimu wa visanduku na nyuzi, maana toleo la 10 la mwaka 2011 lilikuja na sehemu iitwayo Patcher.

Nairobi kuna Santuri, kikundi ambacho kwa miaka mingi kimewakutanisha wazalishaji wa muziki wa kielektroniki na wanamuziki wa jadi, na mwaka 2021 kikafungua mafunzo yake ya SEMA. Kuna KMRU, Mkenya ambaye albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilitolewa na Editions Mego, lebo ya Austria, na ambaye katika Temporary Stored ya mwaka 2022 alizigeukia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, ambako maqam, udi na kanuni hufundishwa. Kwa hiyo watu wapo. Wenye maqam wapo, na wenye tarakilishi wapo. Kinachokosekana ni daraja.

JARIBU MWENYEWE: NOTI YA 63 NA NUSU

Daraja lenyewe si la gharama. Pakua Pd, ni ya bure na ndogo, haihitaji mashine mpya. Fungua ukurasa mtupu. Weka kisanduku cha namba, chini yake mtof, kisha osc~, kisha *~ 0.1 ili usijipasue masikio, mwisho dac~. Viunganishe kwa nyuzi kutoka juu hadi chini, na ule wa mwisho uingie milango yote miwili ya dac~.

Weka 63. Unapata takriban mitetemo 311 kwa sekunde. Weka 64, unapata karibu 330. Sasa weka 63.5. Pd haikatai. Inakupa takriban 320.2, na hapo, ukianzia C, unaisikia ile sauti ya tatu ya Rast ambayo kinanda cha kawaida hakina. Hukununua kitu wala hukumwomba mtu ruhusa.

Usiishie hapo, kwa sababu 63.5 nayo ni ya kitabuni. Wapigaji wa kweli hawakai katikati sawasawa. Huyu anaivuta juu kidogo, yule chini, mji huu hivi na mji ule vile. Pd ina kisanduku kingine, sigmund~, kinachosikiliza sauti na kukwambia mtetemo wake. Chukua kanda ya udi, mahali pa taksimu ambapo udi uko peke yake bila ngoma wala fidla, ipitishe humo na uandike namba zinazotoka. Hapo utajua sauti hiyo ilikaa wapi chini ya kidole cha mpigaji yule, si ya kitabu cha Cairo wala cha Istanbul.

Msanii Khyam Allami, mwenye asili ya Iraki, ameshaonyesha njia. Mwaka 2021, pamoja na studio ya Counterpoint, alitoa zana mbili za bure zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, Leimma na Apotome, ili mtu apange sauti za muziki kwa utamaduni anaoutaka na kutunga nazo. Hoja yake ndiyo hii hii: programu za muziki zimebeba mazoea ya Ulaya, na mtunzi asiye wa huko analazimika kupigana na chombo chake kabla hajatunga.

Na kuna jambo moja la Pd ambalo mimi kama mwandishi wa programu linanifurahisha kuliko yote. Ukihifadhi pachi yako kwa jina chapuo.pd, kuanzia hapo ukiandika "chapuo" ndani ya kisanduku katika pachi nyingine ya folda hiyo, kinatokea kisanduku kiitwacho chapuo na kinafanya kazi. Tengeneza na vumi, na msondo, na upatu. Ukimaliza una lugha ya kupangia muziki yenye maneno ya pwani. Miaka ya 2004 na 2005 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoka jasho kutafsiri OpenOffice iongee Kiswahili. Hapa huhitaji hata kutafsiri, ni wewe unayeviita vitu majina.

NAFASI ZILIZOPO

Najua wengine mnauliza: sawa, lakini italeta ugali? Sitawadanganya kwamba kuna matangazo ya kazi yamebandikwa barabara ya Moi. Ila tazameni historia yenyewe. Mchezo wa tarakilishi wa Spore, uliotoka mwaka 2008, ulitumia toleo la Pd kutengeneza muziki wake papo hapo, na Brian Eno alihusika. Mwaka 2010 ikatoka libpd, inayokuwezesha kuiingiza pachi yako ndani ya programu ya simu. Mwaka 2022 Cycling '74 walitoa RNBO, inayogeuza michoro kuwa msimbo wa C++, wa wavuti au wa Raspberry Pi. Ndugu msomaji unayetengeneza programu za Android na michezo, ujuzi huu uko hatua mbili tu kutoka hapo ulipo.

Kuna pia nafasi ya ala. Raspberry Pi moja, spika na pachi ya Pd vinatosha kuwa kinanda cha harusi chenye Rast kamili. Kuna nafasi ya kufundisha, kwa sababu kijana aliyechoka na masomo ya mistari ya msimbo humwamsha haraka ukimpa kitu kinacholia. Na kuna nafasi ya kuhifadhi, ambayo kwangu ndiyo ya haraka zaidi. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Kila mwaka wanapungua wale wanaoweza kukaa mbele ya spika na kusema "hapana, teremsha kidogo, hapo hapo, basi". Sikio hilo halipakuliwi kwenye mtandao. Tukilikosa, namba zetu zitakuwa za kukisia, na wajukuu wetu watadhani 63 na 64 ndizo zote zilizokuwepo.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, wenye udi nyumbani na wenye tarakilishi nyumbani: tafutaneni. Mzee apige, kijana apime, namba ziandikwe, pachi iwekwe wazi kwa leseni huria ili yeyote wa Lamu, Zanzibar, Muscat au Toronto aifungue. Mimi nimeanza na maqam ya Rast na mapigo ya chakacha. Aliye na kanda safi ya taksimu, au mzee mwenye subira na vijana, aniandikie hapo chini.

Tukutane makala ijayo, inshallah.